Kadi Kabla Hazijafika Isaka

Isaka ndiko vipande viwili vya reli ya SGR vimepangwa kukutana, kimoja kikitoka Tabora na kingine cha kilomita 341 kikitoka Mwanza, jirani na bandari kavu inayohudumia mizigo ya Rwanda na Burundi. Treni zikianza, kadi za kugusisha hazitachelewa. Dar es Salaam wameshazizoea: kivuko cha Kigamboni na Uwanja wa Mkapa watu hupita kwa N-Card. Urahisi wake haubishaniwi. La kuuliza mapema ni nani ataruhusiwa kuzijaribu, na akikuta zina tundu amwambie nani.

Desemba 2007, mjini Berlin, Karsten Nohl na Henryk Plötz walieleza walivyoikwangua chipu ya kadi za kugusisha iitwayo MIFARE Classic tabaka kwa tabaka, wakaipiga picha kwa hadubini na kuung'amua usimbaji ambao watengenezaji waliufanya siri kwa miaka. Ufunguo wake ulikuwa wa biti 48 tu. Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, wakaonyesha kadi hizo zinavyonakiliwa. Chipu hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya Oyster, kadi ya usafiri ya London.

Kampuni ya NXP, mtengenezaji wa chipu hiyo, ilikimbilia mahakama ya Arnhem kuzuia makala ya watafiti hao wa Radboud. Julai 2008 hakimu akakataa: hasara inaletwa na chipu yenye kasoro, si na anayeieleza kasoro. Lakini mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Uingereza ilimzuia Flavio Garcia, mmoja wa watafiti walewale, kuchapisha udhaifu wa chipu za funguo za magari. Makala ilitoka 2015. Jaji wa London alikuwa na hoja. Simu hurekebishwa kwa programu mpya usiku mmoja. Kadi zilizokwisha kugawiwa hubadilishwa moja moja, na katikati hapo anayeumia ni abiria.

Hata hivyo naegemea Arnhem. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs alishaandika kwamba usalama ukae kwenye ufunguo, si kwenye kuficha kufuli lilivyoundwa. Isitoshe, mwizi mara nyingi hahitaji makala. Kadi haina betri. Ikisogezwa karibu na kisomeo hupata umeme kupitia waya uliozungushwa ndani ya plastiki, kisha hujibu. Mageti mengi huuliza namba ya kadi tu na kuridhika, na namba hiyo kadi humtajia yeyote anayeuliza, hata kisomeo kilicho mkobani mwa mtu aliyebanana nawe kwenye daladala. Namba ikinakiliwa, mlinzi anasikia mlio, anaona taa ya kijani, na mwizi anapita. Kwenye kivuko hasara ni nauli. Ukanda huu wa migodi, kuanzia Kahama hadi Geita, geti linaweza kuwa la chumba cha dhahabu.

Sasa kijana wa Kahama akiligundua hilo? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila idhini, na haimwekei mtafiti mwenye nia njema mlango wake. Atanyamaza, na mimi nisingemlaumu. Zabuni za kadi za umma zidai usimbaji uliokwisha kuchunguzwa hadharani, kama AES, na zitaje ofisi ya kupokea taarifa za kasoro bila kumwitia polisi anayezileta. Muda wa kurekebisha nao uandikwe. Watafiti wa Radboud walitoa tahadhari Machi 2008 na makala yao ikatoka Oktoba. Miezi saba ni kipimo kizuri cha kuanzia.