Tahariri: «Kichaa» na «nguvu» hayatoshi kueleza bangi

Kijana akionekana mjini Bunia macho mekundu, anacheka peke yake kando ya barabara, majirani wanamaliza kesi kwa neno moja: kichaa. Wenzake nao wana neno lao: amepata nguvu. Maneno hayo yanapingana, lakini yana kasoro moja. Hakuna linaloeleza kilichompata.

Tuanze na «nguvu», maana hapa Ituri neno hilo limegharimu damu. Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2012 kwa kuingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Katika kesi hiyo zilisikika pia habari za watoto askari na bangi. Mtoto anayeambiwa kwamba moshi unaondoa woga haambiwi kwamba unampunguzia uwezo wa kupima hatari. Asiyeliona shimo si shujaa kwa sababu hakuliogopa.

Huko Kasai, karne ya 19, mmea huohuo ulipewa maneno mengine. Wafuasi wa chifu Kalamba Mukenge walijiita Bena Riamba, yaani watu wa bangi, na waliivuta pamoja kama alama ya urafiki na amani. Hatusemi kwamba bangi ilileta amani Kasai, wala kwamba ndiyo iliyoleta vita Ituri. Tunasema kwamba mvutaji hutiwa maneno kichwani kabla moshi haujafika, na mara nyingi huona kile alichoahidiwa.

Sasa «kichaa». Bangi inaweza kuupeleka moyo mbio, kukausha mdomo, kuleta njaa, kusahaulisha, kufanya dakika ionekane saa, au kuleta hofu kali ya ghafla. Ikivutwa, inaanza baada ya dakika chache na kwa kawaida inapungua baada ya saa chache. Ikiliwa, inachelewa kuanza na inakaa zaidi. Kwa baadhi ya watu, hasa walioanza wakiwa wadogo na wanaovuta kila siku, inaongeza hatari ya ugonjwa wa akili: kusikia sauti zisizokuwepo, kuamini kwamba kila mtu anawawinda.

Hayo si mambo mamoja. Mwenye hofu ya saa mbili anahitaji mahali patulivu na mtu wa kukaa naye. Anayesikia sauti kwa wiki mbili anahitaji daktari. Tukiwaita wote vichaa, wote wanaishia pamoja: kasho, au kufungwa kamba katika chumba cha maombi.

Sheria inakataza bangi, na hatuombi ifumbiwe macho. Tangu Mei 2021, jimbo lilipowekwa chini ya uongozi wa kijeshi, askari na polisi ndio mara nyingi wanaokutana kwanza na vijana hawa usiku. Tunawaomba wamfikishe mgonjwa hospitali kabla ya kumhoji.

Na wazazi, kabla ya kutoa hukumu, ulizeni: amevuta au amekula? Tangu lini? Anaona nini, anasikia nini, amelala usiku ngapi? Pelekeni majibu hayo kwa muuguzi. Yatamsaidia kazi yake kuliko neno «kichaa».