Kwani Wewe Ulishaivulia?

Wasee, leo sina salamu ndefu. Nimekuja kugombana, na wa kwanza kwenye orodha ni mimi mwenyewe.

Mwaka jana nilirekodi video nikisifu rili moja ya kuvulia samaki. Ilikuwa nyeusi, imechorwa mistari ya dhahabu, na kwenye boksi wameandika beringi 13 na breki ya kilo 25. Bei shilingi 4,500. Niliizungusha pale mezani, kando ya kikombe cha chai, nikawaambia, "Oneni inavyozunguka, utadhani haina kitu ndani." Nililipwa shilingi 8,000 na rili nikaachiwa. Video ikapendwa sana. Nikajiona mtaalamu.

Miezi miwili baadaye kijana mmoja wa Takaungu akanitumia sauti. Anaendesha bodaboda, na siku za maji mazuri hutoka na boti ya mjomba wake kuvua kwa jigi. Alikuwa amejibana akanunua ile rili. Safari ya nne, mwamba wa nje, kolekole mkubwa akaukamata. Akavuta mizunguko kama sita hivi, kisha mkono wa rili ukarudi nyuma wenyewe, ukamgonga vidole, uzi ukalegea, samaki akaingia mwambani. Kwisha. Yule samaki alikuwa ada ya dada yake, si picha ya kuposti.

Hakunitusi, na ningependa angenitusi. Aliuliza swali moja tu: "Kaka, kwani wewe ulishaivulia?"

Sikuwa nimeivulia. Ile rili ilikuwa haijawahi hata kunusa chumvi.

Nilimrudishia 4,500 zake na video nikaifuta. Lakini wangapi walinunua na hawakunitafuta? Ndio maana naandika hii. Kuna uongo unauzwa huku kwetu mitandaoni kuhusu rili, na wanaouziwa ni vijana wa Pwani ambao kwao rili moja ni mshahara wa wiki mbili.

Kwa wale wa bara, tuelewane kwanza. Jigi ni kipande cha risasi chenye umbo la samaki, na ndoana zake. Unakishusha mpaka chini kwenye mwamba, halafu unakipandisha kwa kukitikisa, rodi juu, zungusha, rodi juu, zungusha, ili tewa au kolekole adhani ni samaki mdogo anakimbia. Hakuna kukaa ukingoja. Sasa piga hesabu na mimi. Kina ni mita 80, na rili inavuta karibu mita moja kila mzunguko. Hiyo ni mizunguko 80 kwa kushusha mara moja. Shusha mara 50 kwa siku, ni mizunguko 4,000, yote ikiwa na mzigo, yote ikirushiwa maji ya chumvi. Rili ambayo ingeishi miaka mitano bwawani kwa sato, hapa inaweza kufa kabla kusi halijageuka kaskazi.

Kwa hivyo uongo wa kwanza: idadi ya beringi.

Beringi ni vile vigololi vinavyofanya kitu kizunguke laini. Mwenye kiwanda akitaka kukuvutia anaongeza namba kwenye boksi, kwa sababu beringi za bei ya chini hazimgharimu kitu. Lakini beringi isiyozibwa vizuri ikiingia chumvi inashika kutu, hata kama imeandikwa haishiki. Ukiwa nazo 13 mbovu, una mahali 13 pa kuozea. Penn Battle III ina 5+1. Daiwa BG ina 6+1. Hizo ni rili ambazo watu wanapiga nazo jigi baharini, na namba yake ni kama nusu tu ya ile takataka niliyowasifia. Mtu akianza kukuuzia rili kwa kuhesabu beringi, mwache amalize, halafu nenda zako.

Uongo wa pili: kilo za breki.

Breki ni ile sehemu inayoachia uzi kidogo kidogo samaki akivuta, ili usikatike. Boksi linasema kilo 25. Sawa. Chukua uzi wa kusuka wa ratili 50, ambao wengi tunatumia. Unahimili kama kilo 22. Wavuvi wanakaza breki kwa theluthi moja ya nguvu ya uzi, yaani kilo saba na kitu. Hizo 25 utazipeleka wapi? Kilo 25 ni nusu ya mfuko wa simiti. Jaribu kuushika kwa rodi ukiwa umesimama kwenye boti ya faiba inayoyumba, halafu uje tuongee.

Swali la maana si breki inafika kilo ngapi. Swali ni, kwenye hizo kilo saba, inaachia uzi taratibu au inashtukashtuka? Breki inayoshtuka ndiyo inayokata uzi. Ndani ya breki mna visahani. Vya kaboni vinavumilia joto samaki akikimbia mbali. Vya kitambaa vya bei ya chini vikipata moto vinabadilika tabia katikati ya vita. Hiyo haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi la 4,500, na mnajua kwa nini.

Uongo wa tatu unatoka upande ule mwingine, kwa wakubwa wenye boti za injini mbili: "Kama si Stella au Saltiga, usijisumbue."

Heshima zao. Shimano Stella SW na Daiwa Saltiga ni mashine za hali ya juu kweli, sitabishana. Lakini moja yake ni karibu dola 1,000 au zaidi, yaani zaidi ya shilingi laki moja. Kumwambia kijana wa Mtwapa kwamba bila laki moja havui ni kumfukuza baharini kwa adabu. Tena si kweli. Kati ya dola 100 na 200, ambayo ni kama shilingi 13,000 hadi 26,000 kabla ya usafirishaji na ushuru, unapata mwili wa chuma, breki ya kaboni na giya zinazostahimili. Hapo ndipo wengi wetu tunapaswa kununua. Chini ya hapo unakodisha matatizo, na juu ya hapo unalipia raha, wepesi na kuzibwa vizuri zaidi. Raha ni haki ya mtu, ila isiitwe lazima.

Najua kuna wazee watasema mchagua jembe si mkulima. Mjomba wangu ni mmoja wao. Anavua kwa mshipi wa mkono tangu kabla sijazaliwa, na akiamua siku hiyo kupata changu, mimi na rodi yangu nakaa kimya. Lakini mjomba, kwa heshima zote, mshipi wako hauna giya. Ukikatika unafunga fundo. Rili ikishika kutu baharini hakuna fundo la kufunga. Na hata wewe mwenyewe nimekuona dukani ukichagua ndoana moja moja, unaijaribu kwa ukucha. Kumbe jembe tunachagua.

Sasa, ukiwa na elfu kumi na tano mkononi, uangalie nini? Nilisoma uhandisi mihula mitatu kabla ya kuacha chuo. Digrii sina, lakini bisibisi ninayo, na tangu yule kijana anitumie ile sauti nimefungua rili nyingi kuliko simu. Haya ndiyo ninayoyaamini.

Kwanza, mwili. Shika rili, bonyeza ubavu wake kwa kidole gumba kwa nguvu. Ukiona inabonyea, rudisha. Mwili wa plastiki haushiki kutu, ni kweli, lakini ukibeba mzigo unajipinda, giya zinakosana meno, na ndipo unasikia ile sauti ya kukwaruza. Kwa jigi taka mwili wa alumini. Ila ujue alumini nayo inaliwa na chumvi pale rangi inapochubuka, kwa hivyo usiitupe sakafuni mwa boti kama ndara.

Pili, mkono. Uangalie unavyoingia. Kuna ule unaofungwa kwa skrubu upande wa pili, na kuna ule unaojisokota moja kwa moja ndani ya giya kubwa. Chagua wa kujisokota. Ule mwingine huanza kucheza baada ya muda, na kwenye jigi kila mzunguko ni pigo.

Tatu, kurudi nyuma. Zungusha mbele, halafu geuza ghafla. Lazima ikamate papo hapo. Ikiteleza hata kidogo dukani, ikiwa mpya, bila samaki, basi baharini itakugonga vidole. Hili ndilo lililompata kijana wa Takaungu, na ningeligundua kwa sekunde mbili kama ningejaribu badala ya kutafuta mwanga mzuri wa kamera.

Nne, breki. Ikaze kiasi, vuta uzi kwa mkono polepole. Iachie bila kushtuka. Omba kidogo ya uzi ufungiwe pale pale. Muuzaji akikataa, duka si moja.

Tano, vipuri. Hili wengi hawalifikirii. Kampuni kama Penn, Daiwa na Shimano zina michoro ya ndani ya rili zao, kila kipande na namba yake. Kikivunjika unaagiza kipande. Rili isiyo na mchoro wala kipuri, siku springi ya shilingi hamsini ikikatika umenunua kizito cha kuzuia mlango.

Sita, giya. Ukiona 6 kwa 1 na kitu, hiyo inavuta haraka. Ukiona karibu 5 kwa 1, ni ya taratibu lakini ina nguvu zaidi kumwinua tewa kutoka mwambani. Kwa jigi za gramu 80 hadi 150 kwenye boti zetu ndogo, ukubwa wa 5000 au 6000 unatosha watu wengi, ila namba za kampuni moja hazilingani na za nyingine. Pima kwa uzi unaoingia, usipime kwa namba.

Na neno la "haiingii maji". Penn Spinfisher VI imepimwa IPX5. Ni jambo zuri, na ukiweza kuongeza hela kidogo uifikie, ifikie. Lakini IPX5 maana yake inastahimili maji ya kurushiwa. Haimaanishi uizamishe. Mtu akiitumbukiza kwenye ndoo mbele ya kamera kukuonyesha ubabe, anaionyesha vibaya.

Halafu ukirudi nchi kavu, ioshe. Kaza breki kwanza maji yasipenye, mwagia maji baridi taratibu, usitumie mpira wenye presha kwa sababu unasukuma chumvi ndani. Na si maji ya kisima cha chumvi, jamani. Huku kwetu wengi bomba linatoa maji ya chumvi chumvi, unaosha chumvi kwa chumvi halafu unalia kutu. Weka galoni la maji ya mvua kwa kazi hiyo. Ikikauka, legeza breki ndipo uiweke.

Nimetaja majina na hakuna aliyenilipa. Rili ninayotumia nimeinunua kwa pesa yangu. Lakini msiniamini kwa sababu nimesema hivyo, mwaka jana pia nilikuwa na sauti nzuri. Niulizeni safari ngapi. Kuanzia leo, rili yoyote nitakayoisifu hapa nitaandika idadi ya siku niliyotoka nayo baharini, na kama bado iko hai. Kama ni sifuri, nitaandika sifuri.

Na ninyi wenzangu wa kontenti, mnaofungua maboksi kila wiki mkiwa mmevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, hamuwezi kusema hamjui. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Sisi tunajua tu taa ya kamera ilipo. Chukueni pesa za matangazo, nani anakataa pesa, mimi mwenyewe nalipa kodi ya nyumba nazo. Lakini semeni ni tangazo, na semeni kama kimewahi kulowa. Mtu anayekutazama huenda ameendesha boda usiku kucha ili anunue kile unachokichekea.

Yule kijana sasa anavua na rili ya elfu kumi na nne, alinunua ya mtumba kwa msafiri, tukaifungua pamoja kuikagua. Wiki iliyopita alinitumia picha ya kolekole. Hakuandika kitu chini yake. Nikamjibu, "Safari ya ngapi?"

Akasema ya kumi na saba.