Panya Si Mhanga

Katika maandishi ya sayansi ya Kiingereza limo neno moja linalomtaabisha mfasiri kuliko majina yote ya vijidudu na dawa. Panya akishanaswa, akalazwa kwa dawa na kupasuliwa ili bandama yake ichunguzwe, hawasemi kwamba ameuawa. Husema ametolewa mhanga. Mhanga wa nani? Kwa lugha yetu, atoaye mhanga hutoa kilicho chake kwa ajili ya jambo lililo juu yake. Mtafiti hakutoa kitu. Panya alikuwa wa porini au wa darini kwa mtu, na uhai uliopotea ni wa panya. Mimi huandika “aliuawa”, na mhariri mmoja wa vitabu vya afya aliwahi kunirudishia karatasi akilalamika kwamba neno hilo ni kali. Ukali haumo katika neno, umo katika tendo. Na tendo likiwa la haki halihitaji kuvishwa kanzu.

Nayasema haya nikiikumbuka Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni mwa Usambara ya Magharibi, nyika ya Mkomazi ikiwa imelala chini yake. Mwaka 1980 tauni ilizuka katika wilaya hiyo ya Lushoto, ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20. Msomaji wa pwani, aliyezoea kuitaja tauni katika dua na tenzi, huenda hajui kwamba watoto wa Manolo, Madala na Nywelo walivimba mitoki kwa maradhi hayohayo katika zama zetu. Msimu wake ulikuwa Desemba hadi Februari. Ipo misimu ambayo hakuugua hata mtu mmoja, na upo mmoja uliofikisha wagonjwa 1,150.

Watafiti wakapanda mlima, wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro na wenzao wa Ubelgiji. Wakatega mashamba na nyumba, wakakusanya panya na viroboto. Je, walikosa? Wapo wenzetu wanaonena kwamba mnyama asiguswe kwa ajili ya tiba ya mtu. Siwaungi mkono. Asiyewahi kukesha na mtoto mwenye homa ya tauni ana wasaa wa kumlilia panya kwa ufasaha. Sharia ya Kiislamu imemtaja panya miongoni mwa wanyama watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya eneo takatifu la Makka. Na mafundisho hayohayo yanamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hata akafa kwa njaa. Kuua kumepewa ruhusa, kutesa hakukupewa. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikuleta jambo geni. Mtego ukisahauliwa shambani na panya ndani yake, hapo pana dhambi, hata makala itakayoandikwa ikiwa nzuri namna gani.

Lakini ugomvi wangu mkubwa si juu ya panya. Palipo na maneno ya kupamba, zamu ya mnyama ikiisha hufuata zamu ya mnyonge. Robert Koch wa Ujerumani, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1905, alikuja kwetu mwaka uliofuata kutafuta dawa ya malale. Alianzia Amani, Usambara ya Mashariki, kisha akahamia visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria. Atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake, ilikuwa imekwisha kujaribiwa kwa wanyama huko Ulaya. Sese ilitiwa katika miili ya watu. Koch akaongeza kipimo, na wapo waliopofuka wasione tena. Jina la daktari tunalo, na la dawa tunalo. Ya waliopofuka nani anayataja?

Leo, alhamdulillahi, zipo kamati za maadili na ipo fomu ya ridhaa. Nimefasiri fomu kadhaa za namna hiyo, nami naona haya kwa baadhi yake. Ridhaa inatokana na radhi, na radhi ni utulivu wa moyo. Si dole gumba lililochovywa wino. Bibi wa Mtae aliyelelewa kwa Kisambaa anasomewa Kiswahili cha ofisini kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza cha mawakili, kisha anaulizwa kama ameelewa. Atasema ndiyo, kwa adabu, kwa sababu mgeni amesimama mlangoni. Adabu hiyo huandikwa kuwa ridhaa.

Na matokeo? Mwaka 2006 yalichapishwa mahesabu kwamba katika kata yenye vijiji hivyo vitatu, mwanamke wa miaka 30 hadi 34 alikuwa na hatari ya kupata tauni mara 2.4 kuliko mwanamume wa umri wake. Mwaka 2007 wakaandika kwamba vijiji vilivyosumbuliwa zaidi ndivyo vilivyokuwa na wingi wa viroboto wa binadamu majumbani. Tazama ajabu: panya aliyeuawa miaka yote ile huenda hakuwa mshitakiwa wa pekee! Habari nzito kama hizi zilitolewa kwa Kiingereza, katika majarida ya wataalamu. Mwanamke yule ndiye mwenye hesabu ile kabla ya jarida. (Dunia haishindwi kumheshimu aliye chini ikitaka: mwaka 2020 Magawa, panya buku aliyezaliwa Tanzania, alivishwa nishani ya dhahabu kwa kunusa mabomu ya ardhini huko Kambodia.)

Kamati isigonge muhuri kabla haijaonyeshwa nani atarudi Mtae na lini, na matokeo yakiwa yameandikwa kwa Kisambaa. Fedha ya mfasiri itengwe pamoja na fedha ya mitego. Nao watakaoyasoma matokeo wayasome barazani, jioni, wanawake wakiwa wamekwisha rudi kutoka shamba.