Chaji Nayo ni Neema, Tusiifanyie Israfu



Sisi wa Unguja giza tunalijua. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 tulikaa miezi mitatu bila umeme wa kutoka bara. Kwa hiyo tunawaelewa dada zetu wa Mpanda, mji ambao kwa miaka mingi ulitegemea majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa. Huko vijijini Katavi, wapo wanaopeleka simu dukani na kulipia chaji.

Simu ikiisha moto haraka tunasema mbovu, tununue mpya. Sisi tunaona mara nyingi tatizo ni matumizi yetu. Betri haipendi joto: usiichaji juu ya godoro wala usiiache juani. Haipendi kuzimika kabisa kila siku: ichomeke ikifika asilimia 20, na ukiweza ichomoe kwenye 80. Punguza mwanga wa kioo, zima data usipoihitaji. Ukipita porini pasipo na mtandao, simu huhangaika kutafuta mnara na kumaliza chaji. Iweke hali ya ndege mpaka ufike.

Dada, simu hiyo ndiyo pochi yako, na ndiyo sauti yako uchungu wa uzazi ukianza usiku wa manane. Video ya kuchekesha isitunyime simu ya saa ile. Israfu si ya chakula na maji tu.

Leo kabla ya kulala tutazame: imebaki asilimia ngapi?