Santuri iliyotolewa ng'ambo ya Tunduma

Mwaka 1976 bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam ilitoa santuri ndefu iitwayo Ave Africa. Ndiyo santuri ndefu pekee waliyotuachia vijana hao, na ndiyo iliyolifikisha jina lao kwa watu ambao hawakupata kukanyaga kumbi za Dar es Salaam. Lakini haikutolewa hapa nchini. Ilitolewa Zambia.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna budi kulitafakari jambo hilo, kwani tuko njiani. Barabara kuu iendayo Zambia hupita Iringa na Mbeya, na reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi mwaka huo huo wa 1976. Tuliitazama shaba ikishuka bandarini na mafuta yakipanda. Hatukujiuliza kwa nini bendi yetu ilipate jina ng'ambo ya Tunduma.

Sunburst hawakupiga rumba kama wenzao wengi. Walichanganya gitaa kali la roki, soul na midundo ya Kiafrika, muziki ambao wakubwa hawakuupenda. Soul yenyewe ilipigwa marufuku Dar es Salaam Novemba 1969. Nia ilikuwa kuulinda utamaduni, na nia hiyo hatuibezi. Lakini Zambia nayo iliulinda utamaduni wake. Rais Kaunda aliagiza redio ipige zaidi nyimbo za Wazambia, na vijana wa huko, kama wale wa bendi ya WITCH, wakaibuka na roki yao wenyewe. Tofauti ni kwamba agizo la huko lilikuta kampuni za santuri ziko tayari kuwapokea.

Kwetu kazi hiyo iliachiwa Radio Tanzania. Ilirekodi bendi nyingi, nasi tunaishukuru, ila kanda iliyomo katika maktaba ya redio si santuri iliyomo mkononi mwa mnunuzi. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, na mwaka 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa. Iringa inaijua habari hii vizuri. Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi, yenye waimbaji mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, ilivuma nchi nzima katika miaka ya 1980. Lakini ilivuma kwa sauti ya redio ya Dar es Salaam. Kiwanda cha kuchonga almasi tulikuwa nacho, cha kutengeneza santuri hatukuwa nacho!

Mwaka 2016 kampuni ya Ulaya iitwayo Strut iliitoa upya Ave Africa, pamoja na nyimbo ambazo Sunburst walizirekodi Radio Tanzania. Kazi njema, lakini ilipasa kufanywa na sisi wenyewe.

Leo studio ndogo zimo mijini mwetu, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwa ajili ya mwimbaji mmoja na kompyuta. Vijana sita wa Soweto au Kihesa wenye magitaa na ngoma hawaenei humo, wala vyombo vyao havisikiki inavyopasa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Fedha hizo tumezoea kuzifikiria kwa bodaboda na kuku. Tunaziomba Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa zikihesabu kikundi cha muziki kuwa kikundi cha uzalishaji kama vingine, kwani bendi inayopiga harusini kila Jumamosi ina uwezo wa kurejesha mkopo. Rekodi itakayopatikana iwe mali ya wanamuziki, na isajiliwe kwa majina yao kabla haijapigwa popote.

Hatuombi jumba la fahari. Chumba kimoja chenye kuta nene, umeme wa uhakika, na mtambo wa kunasa vyombo vyote kwa wakati mmoja kingetosha kwa kuanzia.