Mashine ya kuchuja maombi haijui kazi ya ufuoni

Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko kisiwani Rusinga, kaunti ya Homa Bay, hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alisomea ukaguzi wa afya, akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi, akaingia katika vyama vya wafanyakazi, akaenda kusoma mwaka mmoja Ruskin College kule Oxford, na kufikia 1962 alikuwa waziri wa leba. Huyo huyo ndiye aliyewatafutia vijana nafasi za masomo Marekani. Kundi lililopanda ndege Septemba 1959 lilikuwa na wanafunzi 81.

Sasa tujiulize. Kama Mboya angeomba kazi leo kupitia tovuti ambayo swali la kwanza ni kama una shahada, naye akajibu kweli, je, ombi lake lingefika mezani kwa binadamu? Yamkini lisingefika.

Swali hili si la watu wa Ziwa Victoria peke yao. Rusinga sasa imeunganishwa na Mbita kwa daraja, ilhali ndugu zetu wa Faza na Siyu bado wanangoja boti. Lakini kijana wa kule na kijana wa huku wanafanana sana. Wote wamekulia kwenye vyombo, nyavu na mizani ya samaki. Wote wana kamati za usimamizi wa fuo, hizi BMU, ambazo kanuni zake zilitolewa 2007. Na wote wakienda saiba kutuma ombi la kazi, hupeleka karatasi isiyosema lolote kuhusu kazi waliyoifanya.

Chukua mfano wa kijana aliyekuwa katibu wa BMU kwa miaka minne. Kila asubuhi ameandika samaki walioshushwa, wa aina gani na kwa uzito gani. Ameitisha mikutano, ameandika kumbukumbu, amesuluhisha ugomvi wa nyavu, amepeleka hesabu kwa afisa wa uvuvi. Linatoka tangazo: shirika fulani linatafuta msaidizi wa kukusanya takwimu. Anaketi, anaandika jina, dini, hali ya ndoa, shule ya msingi, na chini kabisa, "mvuvi". Halafu anashangaa mbona hakuitwa.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mashine hizi za kuchuja, methali hiyo haifanyi kazi. Chema kisichojieleza hubaki chini ya rundo.

Tuelewe kwanza mashine yenyewe, maana uvumi ni mwingi. Kampuni kubwa na mashirika ya kimataifa hupokea maombi mengi kuliko watu wa kuyasoma. Kwa hiyo hutumia programu inayosoma wasifu wako, ikaukatakata na kuuweka kwenye visanduku: jina, elimu, kazi ulizofanya, miaka, ujuzi. Mara nyingi kinachomtoa mtu mapema ni yale maswali ya ndiyo na hapana wakati wa kutuma ombi. Baada ya hapo afisa wa ajira hutafuta kwa maneno, kama vile wewe unavyotafuta jina kwenye simu. Neno lisipokuwepo, nawe hupo.

Kutokana na hilo, yako mambo machache ya kufanya. Usipige picha karatasi ukaituma kama wasifu. Picha haina maandishi ambayo kila programu inaweza kuyasoma. Achana na urembo wa majedwali, safu mbili na vijisanduku vya rangi unaouziwa saiba, kwa sababu programu nyingine huvuruga mpangilio huo na kuchanganya tarehe na majina ya kazi. Andika vichwa vya kawaida: elimu, uzoefu, ujuzi. Namba ya simu iwe ndani ya ukurasa, si pembezoni.

La maana zaidi ni maneno. Soma tangazo kwa kalamu mkononi. Wakisema wanataka mtu wa kukusanya takwimu, kuandika ripoti na kuhamasisha jamii, basi kazi yako ya BMU ielezwe kwa maneno hayo hayo, kwa lugha ya tangazo lenyewe. Badala ya "mvuvi", andika: katibu wa kamati ya usimamizi wa ufuo, nilikusanya takwimu za samaki kila siku, nikaandaa ripoti ya kila mwezi, nikaendesha mikutano ya wanachama. Weka idadi unazozijua: vyombo vingapi, wanachama wangapi, miaka mingapi. Hapo mashine imepata neno lake, na binadamu atakayesoma baadaye amepata mtu.

Vivyo hivyo kwa dada aliyeshika daftari la chama, au mama anayenunua omena Rusinga na kuisafirisha mjini. Hizo ni hesabu, ununuzi na usafirishaji, ila hakuna aliyewaambia kwamba kazi hizo zina majina hayo.

Lakini tusivuke mpaka. Kueleza kazi yako vizuri ni haki yako. Kubuni kazi au cheti ni kosa. Wapo wanaoficha maneno ya tangazo kwa rangi nyeupe ili mashine iyaone na mtu asiyaone. Ukifika kwenye mahojiano, hayo maneno yatakuuliza maswali. Na kuhusu vyeti, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza 2024 kwamba ukaguzi umefichua zaidi ya vyeti 2,000 ghushi katika taasisi za serikali.

Hata hivyo, si haki kumtwika kijana mzigo wote. Utafiti wa Harvard Business School na kampuni ya Accenture uliotolewa 2021, uliohusu Marekani, Uingereza na Ujerumani, ulionyesha asilimia 88 ya waajiri wakikiri kwamba mifumo hii huwatupa nje watu wanaofaa, kwa sababu tu hawalingani na vigezo neno kwa neno. Karibu nusu ya kampuni zilikuwa zikiwaondoa wenye pengo la zaidi ya miezi sita bila kazi. Kigezo hicho kikiletwa kwetu, atapona nani? Kusi ikivuma vyombo vidogo hulala ufuoni. Kule ziwani uvuvi wa omena hufungwa kwa msimu. Na mwaka 2018 iliripotiwa kwamba Amazon iliachana na programu yake ya majaribio ya kuchagua wafanyakazi baada ya kugundulika inawabagua wanawake.

Kenya tunayo sheria. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake, isipokuwa katika hali chache, na hata hapo anaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya. Ni wangapi Lamu au Rusinga wanaojua hilo? Waajiri wanaotangaza kazi katika kaunti zetu waulizwe waziwazi: nani anasoma maombi, na kwa kigezo gani? Kazi ya kuhesabu samaki inahitaji shahada kweli?

Wakati tunauliza, BMU zetu, vyuo vya ufundi na maktaba zinaweza kuanza na jambo dogo: jioni moja kwa mwezi, kijana aje na tangazo la kazi na daftari la kazi alizofanya, asaidiwe kuoanisha mawili hayo. Anayejua zaidi amfundishe mwenziwe. Kazi wameshaifanya. Iliyobaki ni kuiandika.