Eti Wafungwe Kwanza, Ushahidi Baadaye

Januari 2024, dola ilipogonga shilingi 160, jamaa mmoja kwenye kibanda tunachokulia alisema wanaoficha dola wafungwe tu, bila kesi. Watu wakamuunga mkono. Mimi nilinyamaza, chapati mkononi. Kazi zangu za kuandika hulipwa kwa dola, na wiki hiyo nilikuwa nimeziacha chache kwenye akaunti nikingoja zipande zaidi. Kwa hesabu yake, adui wa taifa ni mimi.

Sheria anayoitamani iko India tangu Desemba 1974. Inaitwa COFEPOSA. Serikali ikishuku tu kwamba utafanya magendo au utavujisha fedha za kigeni, inakuweka kizuizini mwaka mmoja, mara nyingine miwili. Wanasema si adhabu, ni kinga. Iko bodi ya kukusikiliza, ila wakili huna haki naye mbele ya bodi hiyo. Halafu mwaka 1975 hali ya hatari ilipotangazwa, kikaongezwa kifungu cha kukuzuilia bila hata kukwambia sababu.

Sawa, magendo yaliisha? India ilipolegeza uingizaji wa dhahabu miaka ya 1990, magendo yalipoteza utamu. Ushuru ulipofikishwa asilimia 10 mwaka 2013, yakarudi. COFEPOSA ilikuwepo muda wote huo. Kilichobadilika ni faida.

Machi 2025 mwigizaji mmoja alikamatwa uwanja wa ndege wa Bengaluru akitoka Dubai, akidaiwa kubeba zaidi ya kilo 14 za dhahabu. Mei mahakama ikampa dhamana. Hakutoka, kwa sababu COFEPOSA ilikuwa ishamshika. Kama dhahabu mnayo mkononi, si mumshtaki, mthibitishe, afungwe? Korti ina kazi gani basi?

Najua utaniambia hapa kwetu kesi huburutwa mpaka mashahidi wanakufa. Ni kweli bana. Lakini kumbuka Goldenberg, mabilioni yalipolipwa kwa dhahabu ambayo haikuwepo. Mwaka 1993 aliyetiwa ndani ni David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyetoa siri. Serikali iliyomkamata huyo ndiyo unataka uiongezee mamlaka ya kufunga bila ushahidi?

Siku ikipewa, haitaanza na wezi wakubwa. Hao ina namba zao za simu. Itaanza pale kibandani.